Mbegu za kitunguu maji ulizovuna mwenyewe zimegoma? Tafuta chanzo hatua moja nyuma

Kitunguu maji ni mmea wa misimu miwili. Msimu wa kwanza unasia mbegu na kuvuna kitunguu. Msimu wa pili unakirudisha kitunguu chenyewe ardhini, kinachipua upya na kutoa bua refu lenye uwazi ndani, na juu ya bua hukaa kichwa cha duara chenye mamia ya vijiua vyeupe. Kutoka mbegu hadi mbegu ni karibu mwaka mzima, pengine na zaidi. Muda huo mrefu ndio unaowachanganya wengi. Kasoro unaiona leo kitaluni, lakini ilianza kwenye kopo la kuhifadhia, au wakati wa maua, au siku ile ulipochagua vitunguu vya kupanda.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa kurudi nyuma: unaanzia kitaluni, unapitia kopo, ua na bua, na kuishia kwenye kitunguu mama. Tafuta dalili yako, lakini usiishie hapo. Soma na sehemu inayoifuata, maana mara nyingi ndiko tatizo lilikozaliwa. Ninazungumzia aina za kawaida zinazolimwa kwetu, kama Red Bombay, Red Creole, Mang'ola Red na Texas Grano, iwe unalima bonde la Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni, Singida, Kieni au kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba Mbagala.

Umesia, wiki mbili zimepita, kitalu ni kitupu

Kabla ya kulaumu mbegu, zipime. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua nzuri, zipange juu ya kitambaa safi au karatasi laini iliyolowa, weka kwenye sahani, funika na nyingine, uache mahali pa kivuli pasipo na joto kali. Nyuzi 20 za Selsiasi ndizo nzuri. Angalia siku ya 6, kisha siku ya 12. Maabara za mbegu nazo huhesabu siku hizo hizo, na mbegu isiyoota kufikia siku ya 12 usiisubiri.

Zikiota 80 na zaidi, mbegu yako ni nzima na kosa liko kitaluni. Umezifukia zaidi ya sentimita moja na nusu, au udongo umefanya ukoko juu baada ya kumwagilia kwa nguvu, au umesia wakati wa jua kali na udongo umepanda kupita nyuzi 35, joto ambalo mbegu ya kitunguu hugoma kuota. Mche wa kitunguu hutokeza ukiwa umejikunja kitanzi, hauna ncha ya kutoboa ukoko. Sia juu juu, funika kwa udongo laini uliochekechwa, tandaza nyasi kavu, na uziondoe mara tu vitanzi vinapoanza kuonekana. Ukizichelewesha, miche itarefuka na kuwa dhaifu.

Zikiota kati ya 50 na 80, bado zina kazi, ila zitumie msimu huu huu na usie nyingi kufidia. Chini ya 50 mimi ningeshauri uziache. Hata zile zinazojitahidi kuota hutoa miche minyonge isiyolingana, na muda utakaopotea kitaluni ni ghali kuliko mbegu yenyewe.

Zikiota lakini miche ikaanguka ikiwa imenyong'onyea shingoni karibu na udongo, huo ni kinyausi: umesia msongamano, umezidisha maji, au umerudia kitalu kile kile. Ukiona unga mweusi wa ukungu kwenye mbegu zenyewe ukiwa unazipima kwenye kitambaa, ukungu huo umeingia na mbegu kutoka shambani au ghalani, kwa hiyo endelea kusoma.

Mbegu ni nyeusi, zinang'aa, ila zimekufa

Rangi haitoi ushahidi wowote. Mbegu ya kitunguu iliyokufa mwaka jana inaweza kuwa nyeusi sawasawa na ya jana. Bonyeza chache kwa ukucha juu ya kitu kigumu. Yenye afya na kavu hupasuka kwa mlio na ndani yake ni nyeupe, imara. Ikibonyea bila kupasuka ina unyevu. Ikiwa tupu au ndani ni kijivu, hapo hakuna kitu.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni umri. Katika mbegu za mboga tunazozijua, ya kitunguu ni miongoni mwa zinazokufa mapema. Mbegu ya nyanya inaweza kukaa miaka kadhaa kwenye droo na bado ikaota, ya kitunguu ikiachwa kwenye joto na unyevu wa kawaida hushuka vibaya ndani ya mwaka mmoja. Kwa anayeishi Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, hali ni ngumu zaidi: hewa ya pwani ina unyevu muda mwingi, na mbegu huunywa unyevu huo kupitia karatasi, kitambaa au mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo. Huko miezi michache tu inatosha kuziua.

Watu wa mbegu wana kanuni moja iliyotolewa na mtafiti James Harrington, nayo ni nzuri kuikumbuka. Kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu, na kila unapopunguza joto la ghala kwa nyuzi 5 hivi, maisha yanaongezeka maradufu tena. Katika mambo hayo mawili unyevu ndio unaotangulia. Friji bila kukausha ni kazi bure, mbegu yenye unyevu ikiwekwa kwenye ubaridi inaota ukungu taratibu.

Jambo la pili ni namna ulivyokausha. Nimeona watu wakianika vichwa vya mbegu juu ya bati saa saba mchana, wakidhani jua kali ndilo linalomaliza kazi haraka. Bati la Dodoma mchana linachoma kiganja, na mbegu mbichi ikipikwa hivyo kiini chake kinakufa huku ganda likibaki zuri. Anika juu ya turubai au mkeka, kivulini penye upepo, au kwenye jua la asubuhi pekee, na ugeuze kila mara. Zikikauka hivyo kwa wiki moja hadi mbili, ndipo upurure na kupepeta.

Kwa pwani, kukausha kwa hewa peke yake hakutoshi, kwa sababu mbegu haiwezi kuwa kavu kuliko hewa inayoizunguka. Tumia mchele. Ukaange mkavu, bila mafuta, kwa moto mdogo kama dakika 40 huku ukigeuza, uuache upoe ndani ya chombo kilichofungwa. Chukua kopo la kioo lenye kifuniko kinachobana, weka mchele huo, juu yake weka mbegu zikiwa ndani ya kimfuko cha kitambaa chepesi, uzito wa mchele ulingane na wa mbegu au uzidi. Funga kwa wiki moja hadi mbili. Mchele utavuta unyevu ambao upepo haukuweza kuutoa. Kisha hamishia mbegu kwenye kopo jingine kavu, funga kabisa, andika aina na mwezi wa kuvuna, weka kwenye friji. Ukitaka kutumia, toa kopo na uliache lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kulifungua. Ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa utatua kama matone juu ya mbegu na utakuwa umeharibu kazi yote ya mchele.

Sababu ya tatu ni kuvuna kabla ya wakati, na hiyo inatupeleka shambani.

Ulipokwenda kuvuna ukakuta mbegu ziko chini, au ukavuna mapema ukapata nyepesi

Haya ni makosa mawili yanayosukumana. Anayeogopa mbegu kupukutika huvuna vifuko vya mbegu vikiwa bado kijani, na mbegu zake hubaki na ganda lililojaa nusu. Anayesubiri kichwa kizima kikauke huikuta nusu ya mbegu kwenye udongo.

Vijiua vya kichwa kimoja havifunguki siku moja. Huchukua wiki mbili hadi nne, kwa hiyo vifuko navyo havikomai pamoja. Kata kichwa pale ambapo kifuko kimoja au viwili katika kila kumi vimepasuka na mbegu nyeusi inaonekana ndani. Kata na bua lake sentimita 10 hadi 15, ukikishika kichwa kwa kiganja upande wa chini, asubuhi kabla umande haujakauka. Umande hulainisha vifuko na mbegu hazirushwi ovyo. Utahitaji kurudi shambani mara mbili au tatu, maana vichwa navyo vinapishana. Vile vya mwanzo ndivyo bora kwa kawaida. Vya mwisho kabisa hutoa mapepe mengi, na mimi ningeviacha visichanganyike na vingine.

Baada ya kupepeta kwa ungo, mapepe yaliyobaki yanatolewa kwa maji. Mimina mbegu kwenye ndoo, koroga, subiri dakika chache, zinazoelea zimwage. Zilizozama zitoe mara moja na uzitandaze kwenye kitambaa zikauke siku hiyo hiyo. Usifanye hivi jioni wala siku ya mawingu, kwa sababu mbegu iliyolowa ikilala hivyo huanza kuamka.

Maua yalipendeza, lakini vifuko ni vitupu

Hili ndilo tatizo linaloumiza kuliko yote, kwa kuwa linakuja mwishoni, baada ya miezi ya kumwagilia na kupalilia. Kila kijiua cha kitunguu kina vyumba vitatu vyenye nafasi mbili za mbegu kila kimoja, yaani mbegu sita kikijaa vizuri. Kichwa chenye mamia ya vijiua kikikupa kijiko kimoja cha mbegu, kuna kazi ambayo haikufanyika, na kazi hiyo ni uchavushaji.

Kitunguu hakiwezi kujichavusha ndani ya kijiua kile kile. Chavua hutoka kwanza, na siku mbili au tatu baadaye ndipo sehemu ya kike inakuwa tayari kupokea, wakati chavua ya kijiua hicho imekwisha. Lazima mdudu ailete kutoka kijiua kingine. Nyuki, nzi na nyigu wadogo ndio wanaofanya kazi hiyo. Upepo hausaidii chochote cha maana.

Basi simama shambani kwako kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, maua yakiwa yamefunguka, na utazame tu kwa dakika kumi. Ukiona wadudu wanatua na kutambaa kutoka ua hadi ua, sababu yako iko kwingine. Usipoona kitu, jiulize umepulizia nini. Wengi huendelea kupulizia sumu ya thiripi, vile vidudu vidogo vinavyofyonza majani na maua, wakati maua yamefunguka, kwa sababu thiripi ni wengi wakati huo, na wanaua waliokuwa wanawazalishia mbegu. Thiripi wadhibitiwe kabla tumba halijapasuka. Ikiwa hakuna namna, pulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi, na uchague dawa isiyobaki na makali hadi asubuhi.

Hata pasipo na sumu, nyuki wanaweza kukipita kitunguu. Nekta yake, yaani maji matamu ya ua, ina potasiamu nyingi na nyuki hawaipendi sana. Alizeti ikiwa imechanua jirani, wataifuata alizeti. Kwenye jua kali na ukame nekta huwa nzito, nao hupungua zaidi. Dawa yake ni kumwagilia kwa utaratibu kipindi cha maua (mifereji, si juu ya vichwa), kutopanda karibu mazao yenye maua ya kuvutia yatakayochanua wakati huo huo, na kwa mwenye mizinga, kuisogeza shambani maua yanapoanza kufunguka, wala si wiki tatu kabla.

Kwa vichwa ishirini au thelathini nyuma ya nyumba, fanya mwenyewe. Pitisha kiganja kikavu au brashi laini juu ya kichwa kimoja, kisha kingine, kisha kingine, ukizunguka vyote, kila asubuhi mpaka maua yaishe. Ni kazi ya dakika chache kwa siku na inalipa.

Sasa sababu ambayo wakulima wengi hawaijui, nayo inastahili kuchunguzwa kabla ya kutafuta mizinga. Kata kijiua kilichofunguka leo asubuhi, kiguse kwenye kitambaa cheusi. Kitunguu cha kawaida kitaacha vumbi la manjano. Kisipoacha chochote, na vile vichavulio vidogo vikawa vimesinyaa kama havijawahi kujaa, mmea huo ni tasa upande wa kiume. Mara nyingi uliuotesha kutoka kwenye kitunguu chotara, kile ambacho pakiti yake imeandikwa F1.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1925 huko Davis, California, mtafiti Henry Jones alikuta kitunguu cha aina ya Italian Red ambacho maua yake hayakutoa chavua inayofaa. Kwa bahati mmea huo ulitoa vitunguu vidogo juu ya kichwa cha ua, naye akauendeleza kwa kuvipanda hivyo. Utasa huo hurithiwa kupitia mama, na Jones na wenzake waliutumia kutengeneza chotara: mstari wa kike usio na chavua unapandwa kando ya mstari wa kiume wa aina nyingine, na kila mbegu inayopatikana kwa mama ni mchanganyiko wa wawili hao. Mkulima wa vitunguu vya kula hahitaji chavua, kwa hiyo chotara nyingi huuzwa zikiwa bado na utasa ule. Ukivuna vitunguu vyake na kuvipanda vyenyewe upate mbegu, maua yatachanua bila kuwa na baba. Ukipata mbegu chache, baba ni kitunguu cha jirani.

Hakuna marekebisho hapo. Kula vitunguu vyako vya chotara, uza, na kwa mbegu anza na aina ya kawaida.

Kuna pia hali ya hewa. Mvua za siku nyingi wakati wa maua huosha chavua na kuwafungia wadudu ndani. Joto la kupita nyuzi 35 kwa siku mfululizo hukausha maua kabla hayajashika. Vyote viwili vinaepukwa kwa kupanga mwezi wa kupanda, wala havina dawa ya kupulizia.

Bua limelala, au limekatikia katikati

Tazama mahali lilipokatikia. Bua la mbegu hufika mita moja na zaidi, na kichwa kikijaa kinakuwa kizito. Likilala zima kutoka chini, ni upepo, au kitunguu kilipandwa juu juu, au ulizidisha mbolea ya urea au CAN na bua likawa nene lakini laini. Pandishia udongo mabua yakifika goti, na uvute kamba pande mbili za mstari kwenye vigingi.

Likikatikia katikati pale penye doa, ni ugonjwa. Doa la baka zambarau huanza dogo, jeupe, limebonyea, kisha linapanuka na kuwa na miviringo na rangi ya zambarau katikati. Ubwiri unyoya unaonekana alfajiri, utando wa kijivu juu ya sehemu iliyopauka. Yote mawili hupenda majani yanayolala na maji. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya vitunguu, mwagilia chini asubuhi, na dawa ya ukungu kama mankozebu itangulie, kabla maua hayajafunguka. Madoa ya rangi ya majani makavu, marefu na yaliyochongoka pande zote mbili, ni virusi vinavyoenezwa na thiripi. Hivyo havina tiba. Ng'oa mimea hiyo na ushughulike na thiripi.

Kichwa kilichokatika kabla mbegu hazijaanza kuwa nyeusi hakitakupa mbegu nzima. Usikianike kwa kukionea huruma.

Kitunguu kimechipua, kimejaa majani, ila hakitoi ua

Kitunguu kinahitaji baridi ili kigeuke kutoka kwenye majani kwenda kwenye ua. Nyuzi 8 hadi 12 kwa wiki sita hadi nane ndizo zinazokiamsha vizuri, ingawa aina za kitropiki kama Red Creole na Red Bombay zinaridhika na baridi kidogo kuliko aina za Ulaya. Na kitunguu chenyewe lazima kiwe kimefikia ukubwa. Kidogo kama kidole gumba hupitiwa na baridi hiyo bila kuisikia.

Kwa hiyo anayepanda vitunguu vya mbegu Desemba huko Kibaha, akategemea maua Februari, anasubiri kitu ambacho hakijaitwa. Wa Lushoto, Mbulu, Njombe au Nyeri anabebwa na usiku wa Juni hadi Agosti: apande Aprili au Mei, mizizi ishike, baridi ivikute ardhini, maua yaje baridi ikipungua na mbegu zikomae kwenye ukavu wa Septemba na Oktoba kabla ya vuli.

Wa nyanda za joto ana njia mbili. Ya kwanza ni kuweka vitunguu kwenye friji, sehemu ya chini ya mboga ambako hakuna baridi kali, ndani ya mfuko wa wavu au wa karatasi, kwa wiki nane hivi, kisha kuvipanda mwanzoni mwa Juni ili joto lisifute kazi ya friji. Ya pili, ambayo mimi naiona bora kwa anayetaka zaidi ya kilo moja ya mbegu, ni kukubaliana na ndugu au rafiki aliye milimani avipande kwake.

Kumbuka pia mahali ulipovihifadhi kabla ya kupanda. Stoo ya bati yenye nyuzi 25 hadi 30 ni nzuri kwa vitunguu vya kula, kwa sababu inavizuia kuchipua, na kwa sababu hiyo hiyo inavichelewesha kutoa ua.

Kitunguu mama kimeoza ardhini

Sababu kubwa ni maji. Kitunguu kizima kina akiba yake na hakihitaji kumwagiliwa kila siku kabla ya mizizi kutoka. Panda kwenye tuta, kilele kikiwa usawa wa udongo, mwagilia mara moja, subiri chipukizi. Sababu ya pili ni kupanda kilichovunwa juzi. Kitunguu kipya hulala kwa wiki kadhaa, na kikikaa kwenye udongo wenye unyevu bila kuamka kinaoza. Kikaushe shingo vizuri baada ya kuvuna, kihifadhi penye hewa miezi miwili hivi.

Wengine hukata theluthi ya juu ya kitunguu ili kiharakishe kuchipua. Ni njia nzuri, lakini kisu kiwe safi, na jeraha likauke siku moja au mbili kivulini likiwa limepakwa majivu. Kidonda kibichi ndani ya udongo uliolowa hakina matumaini.

Mbegu zimeota vizuri, lakini vitunguu si vile ulivyotaka

Vikitoka vya rangi na maumbo tofauti tofauti, ama mzazi alikuwa chotara na watoto wameachana, ama nyuki alitoka shamba la jirani. Nyuki husafiri mbali. Kilomita moja kati ya aina mbili zinazochanua pamoja ndiyo ya kuanzia, na ikizidi ni bora. Kitunguu saumu hakichanganyiki na kitunguu maji, lakini vile vitunguu vidogo vyekundu vya kienyeji vinavyozaa vishada ni ukoo mmoja na vinachanganyika bila shida. Mkiwa majirani wenye viwanja vidogo, kubalianeni wote mpande aina moja kwa ajili ya mbegu, au mkate vichwa vyote vya maua vilivyojitokeza kwenye vitunguu vya kula.

Vikitoa majani mazuri na shingo nene bila kuweka kitunguu, uliza mbegu ya mwanzo ilitoka wapi. Aina za Uingereza au Uholanzi ambazo ndugu walio nje hututumia zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo zijaze kitunguu. Kwetu mchana ni saa 12 na kidogo mwaka mzima, hautafika.

Vikitoa maua msimu wa kwanza badala ya kitunguu, huenda baridi iliikuta miche ikiwa mikubwa. Lakini likijirudia kila mwaka, angalia mbegu zako ulizitoa wapi. Ni rahisi sana kuvuna mbegu kwenye ule mmea uliochanua wenyewe shambani, kwani haukuomba kupandwa tena. Mmea huo umekuonyesha tabia yake, na watoto wake watakuonyesha hiyo hiyo. Ung'oe ukiwa bado tumba.

Vikidhoofika mwaka hadi mwaka, vidogo, visivyo na nguvu, ulianza na wazazi wachache mno. Kitunguu hudhoofika upesi kikizaliana ndani ya ukoo mdogo. Vitunguu mama 50 ni kiwango cha chini, 100 ni vizuri. Mwenye kumi achanganye na vya jirani wa aina ile ile, wagawane mbegu. (Ni za kupanda kwenu. Biashara ya mbegu Tanzania iko chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003 na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndiyo inayothibitisha, kwa hiyo mwenye nia ya kuuza aanzie kwa afisa kilimo.)

Na vikipasuka mapacha, huenda mama yake alikuwa pacha. Uchaguzi uanze vitunguu vikiwa bado shambani: funga uzi kwenye mimea iliyojaza kwa wakati, yenye shingo nyembamba, majani yenye afya na kitunguu kimoja kilichotimia, upana wa sentimita 5 hadi 7. Vivune peke yake, vitundike penye hewa, na kila wiki utoe vinavyolainika au kuchipua mapema, ili vitakavyobaki viwe vimethibitisha kwamba vinahifadhika. Siku ya kupanda, kata ile theluthi ya juu na utazame ndani. Chenye kiini kimoja katikati kiende shambani, chenye viini viwili au vitatu kiende jikoni. Kwa miinuko, siku hiyo iwe kati ya Aprili na Mei.